Mche wa Sabuni

Zamani Unguja sabuni ilikuwa mche, na asiyemudu mche mzima alikatiwa kipande. Ilinukia mafuta, haikuwa na rangi ya kuvutia, na ilitaka mikono ya kufikicha. Leo watoto wa nyumbani wanaijua ya unga tu, ya pakiti.

Siwezi kudai ya zamani ilifua vizuri zaidi. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, na chokaa huidaka sabuni kabla haijaufikia uchafu. Ule utando wa kijivu uliogandia beseni ulikuwa sabuni iliyopotea bure. Mama zetu walikinga maji ya mvua kwa ajili ya kanzu nyeupe, na kikemia walikuwa sahihi kabisa.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa chache hutanda juu ya maji. Zikizidi kiwango fulani hukusanyika, mikia ndani, vichwa nje, zikawa vidonge visivyoonekana kwa macho, viitwavyo miseli. Mafuta ya kola ya shati humezwa humo na kuondoka na maji. Mkemia James McBain alipoleta wazo hilo mwaka 1913, wataalamu wenzake walilipokea kwa dharau. Sabuni ikizidi tena, miseli hurefuka kama vijiti, kisha hulala tabaka juu ya tabaka. Tulikuwa tukigombezwa kwa kusahau kipande majini kikageuka uteute. Kumbe ndani ya uteute ule sabuni na maji vilikuwa vimepangana kama kurasa za msahafu.

Unga hausumbuliwi sana na chokaa, ndiyo maana ulishinda. Lakini sabuni za unga za mwanzo zilikuwa na mikia yenye matawi ambayo bakteria hawakuweza kuimeng'enya upesi, na mito ya Ulaya ikafunikwa na povu, hadi Ujerumani Magharibi ikazibana kwa sheria iliyoanza kazi mwaka 1964. Mikia iliyonyooka ikachukua nafasi.

Ninachosikitikia ni ule ubahili wetu wa zamani. Siku hizi unga humiminwa mpaka povu lifurike, kana kwamba povu ndilo linalofua. Kazi hufanywa na miseli, chini, ndani ya maji. Wajukuu zangu, pimeni kwa kijiko: unga uliozidi mahitaji ya nguo unaishia mtaroni.