Saa ya mkononi, mfungo, na mwili wa mama yangu

Nimekuwa kimya hapa tangu mwisho wa Januari, na wachache wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na jambo la kusema na sikujua nianzie wapi, maana sisi hapa huongea mambo ya seva na programu, na hili ni jambo la mwili na la imani. Lakini lilianzia kwenye kifaa, kwa hivyo naona lina nafasi. Mimi ni Mkristo. Kama wewe si Mkristo, nivumilie kidogo, mambo ya saa na ya sukari yatakufaa vilevile.

Mwaka juzi nilinunua saa janja. Sababu ilikuwa nzuri tu. Kazi yangu ni ya kukaa, saa tisa au kumi kwa siku mbele ya tarakilishi, chai ya maziwa upande mmoja na mandazi upande wa pili. Daktari alinipima shinikizo la damu akapata 146 kwa 94, akaniambia yale wanayoambiwa watu wa umri wangu: punguza chumvi, punguza tumbo, tembea. Na mimi ni mtu wa kupima vitu. Seva isiyopimwa utajua imelala pale mteja anapopiga simu akifoka. Nikasema, basi na mwili uwekewe vipimo.

Wacha nieleze kidogo jinsi saa hizi zinavyofanya kazi, maana watu wengi huzivaa kama hirizi. Chini yake kuna taa ndogo za kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hivyo kila moyo unapopiga na damu kujaa kwenye mkono, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka, basi, hayo ndiyo mapigo ya moyo. Hatua nazo haizioni kabisa. Kuna kijidude ndani kinachohisi mtikisiko kwa pande tatu, na programu inatafuta mdundo unaofanana na mdundo wa mtu anayetembea. Inakisia. Jumapili moja nilipiga kayamba ibada nzima, na nilipoketi saa ikanipongeza kwa hatua elfu tatu ambazo sikuzitembea. Siku nyingine nilimsaidia jirani kuhama, tukasukuma mkokoteni kutoka mtaa hadi mtaa, jasho linatoka. Mikono ilikuwa imeshika chuma na haitikisiki, saa ikaniambia leo umekaa sana, simama.

Na ile hesabu ya hatua 10,000 ambayo kila mtu anaikimbilia? Haikutoka hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iitwayo Yamasa ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua na kukiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Utafiti ulikuja baadaye sana. Mmoja wa mwaka 2019, uliofanywa Marekani na kuongozwa na I-Min Lee, uliangalia wanawake wazee wa wastani wa miaka 72, ukaona kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700 hivi, na kwamba faida iliendelea kuongezeka mpaka kama 7,500, kisha ikatulia. Kutembea ni kuzuri, hilo halina mjadala. Ila ile namba yenyewe ni tangazo la biashara lililozeeka.

Hayo yote niliyajua. Na bado ningekuona saa nne usiku nikizunguka meza ya sebuleni ili kutimiza hatua 600 zilizobaki. Nyumbani kwetu tunaomba pamoja kabla ya kulala. Usiku mmoja mke wangu na watoto wamefumba macho, mimi niko nyuma yao nazunguka taratibu, naitikia amina huku nikitazama mkono. Mama watoto akafumbua jicho moja akaniuliza, "Baba, unaomba ama unahesabu?"

Nilicheka. Ningekuwa mwerevu ningeishia hapo.

Sasa kanisani. Ukienda makanisa mengi ya Nairobi siku hizi utasikia mwili ni hekalu. Ni neno la Paulo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya sita, na ni neno zuri, lakini limegeuka kuwa lebo inayobandikwa kila chupa. Juisi ya tangawizi na ndimu: mwili ni hekalu. Unga wa majani ya mlonge: hekalu. Dawa ya kusafisha sumu mwilini inayouzwa nje ya lango baada ya ibada: hekalu. (Kuhusu kusafisha sumu, figo zako huchuja kama lita 180 za maji ya damu kila siku, karibu yote yanarudishwa, na ile lita moja na nusu hivi inayobaki unajua huenda wapi. Mashine hiyo umepewa bure.) Ukifungua ile sura utaona Paulo hakuwa akizungumza juu ya unga wala tumbo dogo. Korintho ulikuwa mji wa bandari, na alikuwa akiwaonya watu dhidi ya uasherati, akiwakumbusha kwamba wao si mali yao wenyewe, walinunuliwa.

Januari kanisa letu hufunga siku 21. Mwaka huu niliingia mfungo huo na programu kwenye simu, ile ya kufunga saa 16 na kula ndani ya saa nane, yenye duara linalojaa polepole. Kusema kweli nilikuwa nafunga mifungo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa Mungu na mwingine wa mizani ya bafuni. Ule wa mizani ndio niliouamkia asubuhi. Siku ya tisa niliitwa kutoa ushuhuda, nikasimama mbele ya watu nikasema nimepunguza kilo tatu. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama nimeomba.

Nikaongeza na sayansi, maana mimi ndiye mtu wa teknolojia pale. Nikawaambia juu ya Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli inavyojila na kujisafisha inapokosa chakula. Ni kweli alipata tuzo. Nilichoacha kusema ni kwamba kazi iliyompa tuzo aliifanya kwa hamira. Kutoka seli ya hamira mpaka mama wa miaka 67 anayemeza dawa ya sukari ni safari ndefu, na mimi niliivuka kwa sentensi moja.

Maana jioni hiyo hiyo nilimpigia mama simu, yuko nyumbani Machakos. Nilikuwa na furaha. Nikamweleza mambo ya saa 16, ya seli kujisafisha, jinsi sukari inavyoshuka mtu asipokula. Akasikiliza, akasema, "Sawa, mwanangu." Nilifikiri ni ile sawa ya mzazi anayetaka simu ikatike akalale.

Mama ana kisukari, miaka kumi na moja sasa. Anameza metformin na glibenclamide. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kukuangusha. Glibenclamide ni habari nyingine: hulisukuma kongosho litoe insulini, na haliulizi kama umekula. Ukiimeza na usile, insulini inatoka, sukari iliyopo inaondolewa kwenye damu, hakuna nyingine inayoingia. Na dawa yenyewe inaweza kukaa mwilini siku nzima. Maelezo haya yote ningeyapata kwa dakika mbili kama ningetafuta. Kazi yangu ni kutafuta vitu.

Alimeza dawa zake asubuhi kama kawaida, kwa kuwa ni mtiifu kwa daktari. Hakula, kwa kuwa alikuwa mtiifu kwa mtoto wake. Siku ya tatu alianguka jikoni.

Sikujua. Saa yangu siku hiyo iliniambia moyo wangu uko vizuri na nimelala saa sita na dakika kumi na mbili. Waliojua ni akina mama wa kikundi chake cha kanisa. Mmoja alipita njiani kama saa tatu asubuhi akaona kuku hawajafunguliwa. Ni hilo tu. Mama hufungua kuku saa kumi na mbili na nusu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Akaingia akamkuta sakafuni kando ya jiko, ameamka lakini anatetemeka, jasho limelowesha leso, maneno hayaeleweki. Mwenzake akaja, akajua dalili kwa sababu mumewe naye ana kisukari. Walihakikisha anaweza kumeza, wakamnywesha maji yenye sukari kidogo kidogo, wakamwita kijana wa bodaboda aliye na jirani mwenye gari. Hospitalini sukari ilikuwa 2.6, na hiyo ni baada ya maji ya sukari. Walimlaza usiku mzima kwa sababu ya ile dawa, maana mtu huweza kupanda kisha akashuka tena.

Nilifika jioni. Nilikaa kando ya kitanda nikamuuliza kwa nini hakumuuliza daktari kwanza. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo iliponiuma. Alisema, "Wewe ndiwe mwenye kujua mambo ya tarakilishi. Nilidhani umesoma."

Nimelifikiria neno la hekalu tangu siku hiyo. Nimelisoma mara nyingi kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza huwezi kujua kama Paulo anaongea na mtu mmoja au na watu wengi, maana neno ni lilelile. Biblia ya mama ni ya Kiswahili. Niliifungua pale wodini, na pale hakuna shaka: ameandika mwili wenu, hakuandika wako. Sura ya tatu ya barua hiyohiyo, ambapo anazungumza juu ya hekalu kwa mara ya kwanza, nako ni ninyi. Sisemi kila mtu asiutunze mwili wake. Nasema nilikuwa nimeisoma kama mwenye duka la mtu mmoja, na barua ilikuwa imeandikiwa kundi. Wale akina mama hawana saa janja. Lakini wanajua kuku wa mwenzao hufunguliwa saa ngapi.

Ukisoma zaidi unaona mambo mengine ambayo wauza unga hawayataji. Isaya 58 inasema juu ya mfungo, na chakula ulichojinyima kinakwenda kwa mwenye njaa. Hakuna mizani mahali popote. Paulo alimwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, hakusema hayana. Huyohuyo akamshauri Timotheo kuhusu tumbo lake lililokuwa likimsumbua, hakumwambia akemee tu. Na kuna Eliya katika Wafalme wa Kwanza 19, amechoka mpaka anaomba kufa, amelala chini ya mti. Malaika hamwambii aongeze bidii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili, kwa kuwa safari ni ndefu. Hadithi hiyo nimeisikia tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuona kwamba nusu yake ni usingizi na chakula.

Basi hali ilivyo sasa. Mama alibadilishiwa dawa, na anakunywa uji kabla ya kumeza chochote. Akitaka kufunga anajinyima mambo mengine; mwezi wa tatu alifunga redio, na kwa anayemjua mama hiyo si sadaka ndogo. Kama wewe au mzazi wako mnatumia dawa ya sukari na mnataka kufunga, kwa dini yoyote au kwa ajili ya kiuno, mwone daktari kabla, dawa huenda zikahitaji kupunguzwa au kubadilishwa. Kanisani kwetu nilirudi mbele nikasahihisha ule ushuhuda wangu. Hakuna aliyepiga makofi, ila wazee wawili walinijia baadaye, wote wana kisukari, wote walikuwa wamefunga.

Saa bado naivaa. Nimezima pongezi na ile kengele ya kunikemea, nimebakisha muda na mapigo ya moyo. Natembea jioni na mzee mmoja wa kanisa aliyeambiwa na daktari wake maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Yeye anatembea polepole sana, na duara halijai. Shinikizo lilipopimwa mara ya mwisho lilikuwa 134 kwa 86, sijui ni kutembea au ni chumvi.

Na akina mama wa kikundi wamechanga wakanunua kipimo cha sukari na cha shinikizo, wanapimana Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada, na mmoja wao aliyestaafu uuguzi anaandika kwenye daftari. Nilijitolea kuwaandikia programu ya simu, nikaanza hata kuchora kurasa zake. Mama akaniuliza itafanya nini ambacho daftari halifanyi. Bado natafuta jibu. Wiki ijayo nitamalizia ile makala ya kuhamisha hifadhidata niliyowaahidi mwezi wa kwanza.