Zabibu Katika Nchi ya Baridi

Wengi wetu tunajua zabibu kuwa tunda la penye jua kali, kama kule Dodoma ambako wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo tulipofika kusini mwa Uingereza mwezi wa Oktoba, tukiwa tumevaa makoti mazito, tulistaajabu kuona vilima vya Sussex vimejaa mizabibu, na wavunaji wakikata vishada kwa mkono.

Huko mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, na zabibu hubaki na uchachu. Zamani watu waliona hiyo ni kasoro. Kumbe zabibu ya namna hiyo ndiyo inayofaa kwa divai ya mapovu, ile inayofunguliwa kwenye harusi. Divai ikiisha kuchachuka, hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, nayo huchachuka tena humo. Hewa yake haina pa kutokea mpaka kizibo kifunguliwe. Tena vilima vingi huko vina ardhi ya chaki nyeupe, kama ile ya Champagne, Ufaransa.

Bibi na Bwana Moss, Sandy na Stuart, walitoka Chicago wakapanda mizabibu mahali paitwapo Nyetimber mwaka 1988. Husimuliwa kwamba walishauriwa wapande matofaa. Wao walishikilia zabibu. Divai yao ya kwanza ilitokana na mavuno ya 1992, ikalazwa chupani miaka kadhaa, na ilipotoka ikapata tuzo. Mwaka 2018 Cherie Spriggs, mtengenezaji divai wa shamba hilo hilo, alitajwa kuwa mtengenezaji bora wa divai ya mapovu katika mashindano ya International Wine Challenge. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na wa kwanza kutoka nje ya Champagne. Wafaransa wenyewe walikwisha kuona: mwaka 2015 kampuni ya Taittinger ilinunua ardhi Kent.

Hata hivyo, kazi hii ina machozi yake. Machipukizi hutoka Aprili, na usiku mmoja wa jalidi, yaani umande ulioganda, waweza kuyaua yote. Mwishoni mwa Aprili 2017 wakulima walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari ya mizabibu. Baadhi yao walipoteza sehemu kubwa ya mavuno. Lakini kiangazi cha 2018 kilikuwa na jua la kutosha, na mavuno yakavunja rekodi. Ambaye angeng'oa mizabibu kwa kukata tamaa asingeyaona.

Ukijaliwa kufika London, panda treni hadi Dorking, safari isiyofika saa moja. Shamba la Denbies, lililopandwa kuanzia 1986, lina njia za kutembea kwa miguu hata na watoto. Wanaoonja humiminiwa kidogo tu, na kutema si aibu. Mama mjamzito, anayeendesha gari na asiyekunywa kabisa wasione haya kukataa. Nasi tulioshika chupa za maji tulifurahi kutembea kati ya mistari ile, tukijionea miaka ya subira ya watu waliokubali kuanza na baridi waliyokuwa nayo.