Gia ziliteleza Mombo, ukweli ukatoka Lushoto

Kuna safari ambazo mtu unaziona kwa picha kabla hata hujafunga begi. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Miaka sita ya ndoa, mtoto tumemwacha kwa bibi yake Dar, siku tatu za kwetu wawili tu Lushoto. Kijibaridi, moto wa kuni, mapeasi, na kusimama pale Irente mkitazama tambarare iliyo chini kama vile mko kwenye ndege. Hadi sweta za kufanana nilishanunua!

Tulitoka alfajiri. Chai tukanywa Chalinze, machungwa tukanunua Segera, na baada ya Korogwe mkonge ukawa umejipanga pande zote kama wanafunzi mstarini. Muziki juu, stori kibao. Mombo tukakata kulia, tukaanza kupanda.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, ila usizidharau. Mji ule, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, umekaa karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara inakupandisha kona kwa kona, mwamba upande huu, bonde upande ule. Kwenye kona moja kabla ya Soni mume wangu akakanyaga mafuta. Injini ikalia, mshale wa mizunguko ukaruka juu, lakini gari likabaki linajikongoja. Akakanyaga tena. Kelele zikaongezeka, mwendo ukapungua. Kisha ikaja harufu ya kitu kilichoungua.

Tukaegesha pembeni. Mume wangu hakunitazama.

"Ile sevisi ulifanya yote? Mpaka ya gia boksi?"

"Ndiyo," nikajibu.

Mpenzi msomaji, nilidanganya. Wiki tatu nyuma alinipa laki mbili nipeleke gari gereji. Nilibadilisha oili ya injini tu. Iliyobaki ilikwenda kwenye mchango wa kitchen party ya rafiki yangu na mshono wa sare. Na dalili nilikuwa nimeziona! Pale mataa ya Mwenge, nikiweka D gari lilikuwa linasubiri kidogo, halafu linashtuka ndipo liondoke. Nikajisemea, ah, foleni tu.

Tulisubiri gari lipoe, tukageuza, tukashuka taratibu kwa gia ndogo hadi Mombo. Chini ya mwarobaini tukamkuta fundi mtu mzima, ovaroli limeloa oili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mlima umewakataa?"

Hakukimbilia spana. Aliacha injini ikiunguruma, akapitisha gia zote polepole, akarudisha kwenye P, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi na kukifuta kwenye kitambaa cheupe.

"Oili nzima huwa nyekundu, kama juisi ya rozela," akasema. "Hii yenu imekuwa kahawa. Na haifiki hata alama ya chini. Gia boksi ya otomatiki inashika kwa presha ya oili. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, presha inashuka, zile klachi za ndani zinateleza. Zikiteleza zinachemka, zinaungua. Ndiyo maana injini inalia na gari haiendi." Akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi. "Mama, oili hii ilibadilishwa lini mara ya mwisho?"

Kimya. Kuku wakapita. Mume wangu akainua macho.

"Haikubadilishwa," nikasema. "Hela niliitumia kwa mambo mengine."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Fundi akaingia uvunguni. Paipu inayopeleka oili kwenye rejeta kupozwa ilikuwa imepasuka kwenye maungio, inavuja. Akafungua sampo. Kwenye sumaku kulikuwa na unga mweusi laini. "Unga huu ni wa kawaida. Mngekuta vipande vya chuma, ningewaambia mtafute gia boksi nyingine." Filta na paipu ilibidi viagizwe Tanga. Gari likalala Mombo, sisi tukapanda kibasi cha abiria kwenda Lushoto, tumebanwa kati ya gunia la mchele na mama mwenye mtoto.

Ajabu ni kwamba kwenye kiti kile ndipo tulipoongea. Nilimweleza yote: mchango, sare, Mwenge. Akanyamaza hadi maporomoko ya Soni yakaonekana. Kisha akasema, "Mimi niliona tone jekundu pale tunapoegesha nyumbani. Mara mbili. Nikasema nitaangalia wikiendi." Akacheka kidogo, bila furaha. "Wote tulijua. Kila mtu alimwachia mwenzake."

Usiku ule hatukuvaa sweta za kufanana. Tulikaa karibu na moto, tukazungumza hela kama hatujawahi: kipato, madeni, na ile michango ninayoona aibu kuikataa.

Kesho yake fundi alifunga paipu mpya na filta, akasafisha sampo, akajaza oili ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kijiti. Akapima injini ikiwa ya moto, akaongeza kidogo, akapima tena. Tukajaribu hadi Soni. Gia zikaingia laini, mlima ukapandika. Lakini alitupa ukweli wake: "Klachi zimeshaonja moto. Oili mpya haitibu klachi iliyoungua. Ikiteleza tena, usikanyage mafuta kwa nguvu. Simama, itabidi ifunguliwe yote."

Mpaka leo haijateleza. Tumeweka daftari dogo kwenye droo ya gari: tarehe, kilomita, nani alipeleka, shilingi ngapi. Kila mwezi tunalipitia pamoja, na tone lolote chini ya gari tunaambiana siku hiyo hiyo.

Irente tulifika jioni ya siku ya tatu. Tambarare ile kweli unaiona kama uko angani. Mume wangu akanishika mkono, akauliza, "Mchango unaofuata ni wa nani?" Nikamtajia, na kiasi pia.