Hakuna Anayesimulia Kipindi cha Hisabati

Ukilala matanga pamoja na watu waliozaliwa miaka ya 1960 na 1970, subiri wafike kwenye habari za utoto. Siasa zimeshakwisha, Simba na Yanga wameshachambuliwa, kahawa imezunguka tena. Hapo atatokea mmoja aseme, "Mnaikumbuka kombolela ya nyuma ya msikiti?" Basi, usingizi umekwenda. Watasimulia nani alijificha juu ya mwembe akapitiwa na usingizi, nani alikimbilia kopo akatumbukia mtaroni. Katika mikeka yote niliyokalia sijamsikia mtu akisimulia kipindi cha hisabati. Shule ikitajwa, kinachotajwa ni mchakamchaka wa asubuhi, viboko, kidumu cha maji na fagio, na mwalimu fulani aliyeimba vizuri kuliko alivyofundisha.

Kesho yake watu hao hao, saa kumi na moja alfajiri, wanamwamsha mtoto wa miaka sita akapande basi la shule.

Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, tuliingia darasa la kwanza karibu na wakati wa Vita vya Kagera. Madukani hakukuwa na sabuni, seuze vitu vya kuchezea. Gari tulilitengeneza wenyewe kwa waya, magurudumu yake yakiwa malapa yaliyokatika, na usukani mrefu wa kushikia ukiwa umesimama. Mtoto aliyefunga ekseli vibaya aliona gari lake linakwenda upande, akakaa chini, akafungua, akafunga upya. Hakuna aliyempa alama. Mpira wa chandimu ulikuwa makaratasi na soksi iliyotoboka, ukikazwa kwa kamba ya katani, na katani Tanga haikuwa shida. Ila mpira ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akinuna mchezo umevunjika. Kwa hiyo tulijua mapema kumbembeleza mtu mwenye mali bila kumwachia afunge magoli ya bure. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakishindwa jambo hilo vikaoni.

Rede ilikuwa zaidi ya wasichana, ingawa wavulana tuliingia tukijifanya tunalazimishwa. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, mmoja yuko katikati na chupa yake, anajaza mchanga huku anakwepa. Ukiguswa umekufa. Lakini nani anasema umeguswa? Upindo wa gauni, je, ni mwili? Mwamuzi hakuwepo. Kesi ilisikilizwa hapo hapo, mashahidi wakaapa, mwongo akajulikana, na hukumu ilibidi iwe ya kukubalika, kwa sababu aliyeonewa akienda zake timu haitoshi. Kombolela, ule mchezo wa kujificha na kulinda kopo, nayo ilikuwa na ujanja wake. Watoto wawili walibadilishana mashati gizani, mlinda kopo akiita jina la mwenye shati badala ya aliyelivaa, amekwisha. Na kulikuwa na yule mmoja, mara nyingi mdogo kuliko wote, aliyechomoka mafichoni wenzake wote wameshakamatwa, akalipiga teke kopo, akawakomboa. Sijui somo la uraia linalofundisha hilo kwa mkato namna ile.

Barazani wazee walicheza bao, mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, nasi tuliruhusiwa kutazama mradi tusifungue mdomo. Mtoto aliyetazama vya kutosha alianza kuhesabu kimoyomoyo kete zitaishia shimo gani kabla mzee hajazisambaza. Masimulizi ya utoto wa Mwalimu Nyerere yanagusa hapo hapo. Kambarage mdogo wa Butiama alijua sana kucheza bao, na inasimuliwa kwamba chifu mmoja wa jirani, rafiki wa baba yake, alipoiona akili ya kijana huyo kwenye mchezo, alishauri apelekwe shule. Akapelekwa Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kwa hesabu za siku hizi huyo alikwisha chelewa. Wenzake wa leo katika umri huo wanamaliza shule ya msingi. Aliingia na kichwa kilichokwisha nolewa, na kilinolewa kwenye mchezo.

Nelson Mandela, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994, anaeleza alivyocheza na wenzake malishoni Qunu. Siku moja walikuwa wanapanda punda kwa zamu. Ilipofika zamu yake punda akamtupa kwenye kichaka cha miiba, uso ukachubuka, wenzake wakicheka. Anasema hapo ndipo alipojifunza kwamba kumshinda mtu ni jambo moja na kumdhalilisha ni jingine, na tangu hapo alijaribu kuwashinda wapinzani bila kuwavunjia heshima. Somo hilo lilikuja kuifaa nchi nzima. Kurasa chache baadaye anaingia darasani, amevaa suruali ya baba yake iliyokatwa magotini na kufungwa kwa kamba kiunoni, na kitu cha kwanza anachopewa na mwalimu ni jina jipya la Kiingereza. Ukizisoma kurasa hizo mbili pamoja, punda ndiye mwalimu mwenye adabu zaidi.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1938 na kufariki 2025, aliandika utoto wake katika kitabu alichokitoa mwaka 2010. Humo mna hadithi za usiku nyumbani kwa Wangari, mmoja wa wake wa baba yake, na jinsi hadithi hizo zilivyokuwa zikitoweka mchana. Bibi yangu naye alituambia ukisimulia hadithi mchana utaota mkia. Nadhani alitaka tumwache afanye kazi. Mama yake Ngũgĩ, asiyejua kusoma, ndiye aliyemuuliza kama anataka shule, akamtahadharisha kwamba huenda siku nyingine akashinda bila chakula cha mchana, wakaahidiana atafanya kadiri ya uwezo wake. Matokeo yalipokuja, hata yakiwa mazuri, mama aliuliza tu kama huo ndio mwisho wa uwezo wake. Hakuuliza umekuwa wa ngapi.

Katika kitabu chake kingine cha mwaka 1986, Ngũgĩ anaeleza pia jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu. Mtu angedhani hayo yalizikwa na ukoloni. Mpaka leo zipo shule za mchepuo wa Kiingereza ambako mtoto wa Kitanzania huadhibiwa kwa kusema Kiswahili uwanjani. Nimesimama kwenye uzio wa shule kama hiyo saa ya mapumziko. Kuna kukimbia, lakini hakuna kesi. Rede haichezeki kwa lugha ambayo mtoto hawezi kugombea haki yake kwayo.

Naijua hatari ya kuzungumza hivi. Wanaoandika utoto wao ni wale ambao shule iliwabeba ikawafikisha mbali. Aliyeishia darasa la nne akabaki kuchunga hana kitabu, na huenda malisho yale hayaoni matamu hata kidogo. Dada zetu waliitwa katikati ya rede wakambebe mtoto, wakateke maji, wakawashe moto, sisi tukaendelea kucheza. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuhusu elimu, watoto walimiminika shuleni kwa wingi, madarasa yakafurika, walimu wakaandaliwa harakaharaka, na mwisho wa darasa la saba nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Wengi wa wachezaji wenzangu wa chandimu walimalizia hapo, na hawakupungukiwa akili. Tena wazee wetu hawakuwa na falsafa yoyote ya mchezo. Hawakuwa na hela ya tuisheni, na kulikuwa na kiwanja. Tulipewa jioni zile kwa sababu hakuna aliyekuwa na mpango mwingine nazo.

Ila zilikuwepo. Mtoto wa mjini leo anazipata wapi? Anatoka shule saa kumi, anakaa foleni, anafika nyumbani anamkuta mwalimu wa tuisheni mezani. Jumamosi kuna masomo ya ziada. Akibaki na nusu saa anapewa simu, na kila mtoto na yake, hata hadithi haiwakusanyi tena kama ilivyotukusanya sauti ya Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, watoto wa nyumba nne tukigombea kukaa karibu na redio ya jirani. Uwanja tuliochezea mimi na wenzangu sasa una fremu za maduka. Shule za binafsi zinajengwa ghorofa juu ya kila hatua ya ardhi iliyonunuliwa, na kipande kinachobaki kinawekwa vitofali vya saruji na kuegeshwa mabasi.

Palipo na nia serikali huweza kugusa mambo haya. Mwaka 2023 ilizuia watoto wa awali hadi darasa la nne kuwekwa bweni, na Baraza la Mitihani halitangazi tena orodha ya shule kumi bora. Wazazi wengi walinung'unika kwa yote mawili, na ndipo penye kidonda. Tuna hofu kwamba mtoto akicheza, mwenzake atampita. Hofu hiyo haikutoka hewani; tuliona wenyewe mlango wa sekondari ulivyokuwa mwembamba. Lakini hatuwezi kuketi msibani tukijisifu kwamba mtaa ndio uliotufanya watu, halafu tukawafungia watoto ndani ili wawe watu.

Mzazi mwenzangu, kikao cha wazazi cha muhula huu kitazungumza ada, sare na wastani wa mitihani. Nyoosha mkono uulize kiwanja kiko wapi, kipindi cha michezo ni saa ngapi, na kama watoto wanaruhusiwa kugombana kwa Kiswahili. Wakikuambia kipindi hicho kimehamishiwa masomo ya ziada, usikae chini mpaka kirudishwe.