Zaburi Ndani ya Reggae

Hapa Ufipa, reggae ni muziki wa barabarani. Basi la kwenda Mbeya likiondoka stendi ya Sumbawanga alfajiri, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mara nyingi hamtafika Laela kabla ya kusikia sauti ya Lucky Dube, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyeuawa kwa risasi Johannesburg mwaka 2007. Abiria wengi hawaelewi Kiingereza chake. Wanachoelewa ni kwamba mtu huyu analia, na ana jambo la kulilia.

Washarika huniuliza kama Mkristo anaruhusiwa kusikiliza muziki huu. Wanataja bangi, nywele za rasta, na watu wanaomwita mfalme wa Ethiopia Mungu. Ni maswali ya haki. Lakini kwanza tutazame muziki huu ulikotoka.

Wengi wa watu wa Jamaika ni wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Kisiwa kilipopata uhuru mwaka 1962, vijana wa Kingston walikuwa wakicheza ska, muziki wa kasi uliojaa tarumbeta na saksafoni. Miaka michache baadaye mdundo ulipungua kasi, besi ikawa nzito, na kufikia mwaka 1968 muziki huo ulianza kuitwa reggae. Maneno yake mengi yalitoka katika Biblia. Mwaka 1969 Desmond Dekker alishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wimbo uitwao Israelites, unaohusu maskini anayehangaikia mkate wa kila siku. Mwaka uliofuata kundi la Melodians lilitoa wimbo uliojengwa juu ya Zaburi ya 137, ile ya mateka walioketi kando ya mito ya Babeli huku waliowateka wakiwataka waimbe nyimbo za kwao. Wajukuu wa watumwa hawakuhitaji mwalimu wa kuwafafanulia Babeli.

Nasi tuna majirani wasiohitaji kufafanuliwa. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji kwao, na upande wa Mpanda yakajengwa makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo. TCRS, chombo cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kilishiriki kuyajenga. Waliofika huko wakiwa vijana wamezeekea ugenini.

Katika usharika wetu swali hili lilifika barazani kwa njia ya kijana mmoja, fundi pikipiki, anayepiga gita la besi katika kwaya ya vijana. Alikuwa ameanza kufuga rasta. Mzee mmoja wa kanisa alitaka azikate kabla ya kuruhusiwa kupiga tena. Nilimwita kijana tuzungumze. Aliniambia, “Mchungaji, mama alipofariki, kwaya iliimba furaha ya mbinguni siku mbili mfululizo. Usiku niliwasha reggae kwenye simu, maana huko ndiko nilikomsikia mtu anayelia kama mimi.”

Nilikwenda pia kwa yule mzee. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mchungaji, mwanangu aliharibikiwa na bangi. Siku alipoondoka nyumbani alikuwa na nywele kama zile. Mpaka leo sijui yuko wapi.”

Barazani niliwasomea Hesabu 6, juu ya Mnadhiri ambaye wembe haukupaswa kugusa kichwa chake. Wazee walikubali kijana aendelee kupiga. Mzee yule hakukubali, na Jumapili bado anakaa mbali na vyombo. Simlaumu. Wote wawili wamefiwa, kila mmoja kwa namna yake, na wote walikuja kanisani bila kukuta wimbo wa kulilia.

Kuhusu bangi, jibu langu ni fupi: inawala watoto wetu, na hakuna wimbo unaoihalalisha. Kuhusu mfalme, Haile Selassie mwenyewe alikuwa muumini wa Kanisa la Orthodoksi. Ni katika utawala wake Fungamano la Kilutheri liliruhusiwa kufungua Redio Sauti ya Injili mjini Addis Ababa mwaka 1963, na matangazo yake ya Kiswahili yakasikika mpaka Tanzania. Mfalme alipinduliwa mwaka 1974, na serikali iliyofuata ikaitwaa redio ile mwaka 1977. Bob Marley, aliyemsifu mfalme huyo duniani kote, alibatizwa katika Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia mwaka 1980, miezi michache kabla ya kifo chake. Wafalme wanapita, Kristo aliyefufuka anabaki Bwana, na hilo tuwaambie vijana bila kigugumizi.

Lakini tusiwaambie hilo huku tukiwanyang’anya machozi. Luther aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia, na kitabu cha Zaburi kimejaa maombolezo. Bwana wetu mwenyewe aliomba Zaburi ya 22 msalabani. Ndugu mchungaji, ndugu mwalimu wa kwaya, msiba ujao usikimbilie nyimbo za shangwe. Anza na Zaburi ya 137, au ya 88 ambayo inaishia gizani. Imbeni polepole. Aliyefiwa akilia, mwacheni alie mbele za Mungu wake, ndani ya nyumba ya Mungu wake.