Jezi Kabla ya Kipande

Utotoni mwangu Msambweni tulikuwa na viwanja viwili. Kimoja kilikuwa cha shule, kimezungukwa na mikorosho. Cha pili kilikuwa pwani na mwenyewe alikuwa bahari: siku za bamvua, maji yakitoka, mchanga ulikaza tukapata uwanja mpana ajabu, ila mechi ilibidi iishe kabla maji hayajaanza kujaa. Kandanda ilinoga msimu wa kusi. Bahari ikichafuka wavuvi hushinda nchi kavu, nao ndio waliokuwa wachezaji wetu wazuri kuliko wote, wana pumzi na miguu iliyozoea kukimbia mchangani.

Katika timu yetu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na aliyemuuliza mwenzake katoka wapi. Kipa alikuwa Mmakonde wa Makongeni. Babu yake alikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge, na baba yake akafanya kazi ya miwa Ramisi mpaka kiwanda cha sukari kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Winga wa kushoto alikuwa Mpemba, mzaliwa wa Shimoni, ambaye redio yake ilikamata matangazo ya Tanzania, basi habari za Simba na Yanga tulizipata kwake hata kabla ya habari za Gor Mahia. Beki wa kati alikuwa Mkamba, mtoto wa mpishi wa hoteli moja ya Diani. Wengine tulikuwa Wadigo. Ukishavaa jezi ya kijiji, wewe ni wa kijiji, na mama zetu walitupikia uji wa baada ya mechi bila kuhesabu kabila.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na siku zilizofuata fujo zikashuka mpaka Ukunda na Diani. Karatasi zilisambazwa zikiwaamuru watu wa bara waondoke. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na zaidi ya 100,000 wakahama makwao, miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa Desemba. Beki wetu na wazazi wake walifunga magodoro usiku wakaondoka. Malalamiko ya Wadigo kuhusu ardhi na kazi yalikuwa ya haki, na bado yana haki. Waliochukua uchungu huo wakautumia kutafutia kura ndio walioivunja timu yetu, na mimi sijawasamehe.

Mwaka mzima uwanja wa shule uliota majani. Tulipoanza tena, kocha wetu, mzee wa Kidigo aliyewahi kufanya kazi bandarini Mombasa, alikataa kumpa mtu mwingine jezi namba tano. "Mwenyewe yuko hai," alisema. Beki alirudi Diani kutafuta kazi ya hoteli utalii ulipofufuka kidogo. Siku aliyofika uwanjani mzee alimtupia ile jezi bila hotuba, na vijana wakaanza kupasha misuli. Nimehudhuria mikutano mingi ya amani tangu wakati ule. Hakuna hata mmoja uliofanya kazi kubwa kama ile.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mzee hakuwa na uwezo nalo. Kipa wetu hakuwa na kitambulisho. Alizaliwa Kwale, baba yake vilevile alizaliwa Kwale, ila serikali ilimhesabu kuwa mgeni. Mashindano ya kijiji aliyacheza yote. Tulipofuzu ngazi ya juu, mwandalizi akataka kila aliyetimiza miaka 18 aonyeshe kipande, na kipa akabaki nje ya kamba akishika chupa zetu za maji. Baadaye klabu moja ya Mombasa ilimtaka. Alifanya mazoezi nao, wakampenda, kisha wakafika kwenye fomu ya usajili na habari ikaishia hapo. Safari za Mombasa zenyewe zilikuwa hatari, maana kwenye kizuizi cha polisi asiye na kipande hutolewa kwenye matatu mbele ya abiria wote. Winga wetu Mpemba alikuwa na shida hiyohiyo, na kwake iliongezeka ya leseni ya uvuvi. Zilipokuja simu na M-Pesa, laini zao zilisajiliwa kwa majina ya wake na marafiki.

Watu huzungumzia michezo na usawa kana kwamba uwanja pekee unatosha. Uwanja wetu uliwakubali watu hawa zaidi ya miaka ishirini kabla ya dola, na bado haukuweza kuwapa kazi, akaunti ya benki wala nafasi ya chuo kwa watoto wao. Kilichobadilisha mambo ni watu kuinuka. Oktoba 2016 Wamakonde waliondoka Kwale, wakaanza kwa miguu safari ya kwenda Nairobi, na tarehe 13 wakapokelewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, aliyeagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa Desemba. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walingoja zaidi: serikali ya Rais William Ruto iliwatambua Januari 2023, na Julai mwaka huo vyeti vikaanza kukabidhiwa huko Kilifi kwa jamii ya watu wapatao 7,000.

Kipa alikipata kipande chake ndevu zimeshaingia mvi. Anachonga vinyago na kuviuza Diani. Aliponionyesha kadi aliishika kwa ncha za vidole, akasema, "Mjomba, sasa naweza kusajiliwa." Tulicheka sote wawili, kisha tukanyamaza, kwa kuwa miaka ile ya kucheza hairudi.

Bintiye ndiye anayecheza. Zamani zetu wasichana walisimama kando ya uwanja wakishika viatu vyetu, na aliyegusa mpira aliitwa majina nisiyotaka kuyaandika. Kilifi ilitangulia kulivunja hilo, tangu 2001, kupitia shirika la Moving the Goalposts. Halafu mwaka 2014 wasimamizi wa sheria za soka duniani waliruhusu rasmi wachezaji kufunika vichwa, na hoja kubwa ya wazee wetu ikakosa nguvu. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya Kenya kuingia Kombe la Dunia la FIFA, wakawafunga Mexico. Bintiye kipa aliitazama mechi ile kwenye simu akiwa amevaa glovu. Naye ni kipa, na anadaka vizuri kuliko baba yake. Ana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hakuna mtu atakayemtoa nje ya kamba.

Wako ambao bado wanatolewa. Wazao wa Warundi na Wanyarwanda walioletwa Kenya enzi za ukoloni kufanya kazi mashambani wanaendelea kuomba kutambuliwa, na watoto wao wanacheza kwenye viwanja vya shule zetu leo hii. Desemba 2024 Salim Mvurya, gavana wetu wa kwanza hapa Kwale, aliteuliwa kuwa waziri wa michezo. Waziri, hadithi hii unaijua kuliko wengi wetu, maana ulikuwa gavana Wamakonde walipofunga safari ile. Agiza mashindano ya vijana yakubali barua ya mwalimu mkuu au mzee wa mtaa pale ambapo mtoto hana cheti, na umshauri mwenzako wa usajili wa watu amalize kazi iliyobaki.