Nani amekukagua leo?

Kijana mmoja wa Miteja, wilayani Kilwa, anafanya kazi kisiwani Mafia, kwenye boti inayopeleka wageni kupiga mbizi. Kila asubuhi anafunga mitungi ya hewa. Baba yake, mvuvi, alikuwa akimpigia simu kila jioni na swali moja: "Umekagua?" Kijana alijibu kwa mkato, "Ndiyo, baba." Baadaye akawa hapokei.

Alipokuja nyumbani kwa Idi, mama yake alimwambia: "Mweleze baba yako kazi yenyewe. Akisikia mtungi, anafikiria ule wa gesi ya jikoni."

Basi pale barazani akachukua dumu, kipande cha ubao na mkanda mkuukuu aliokuja nao. Akaeleza kwamba ndani ya mtungi mna hewa hii hii ya kawaida, ila imeshindiliwa. Mtungi uliojaa hukaribia kilo 17. Hukaa mgongoni kwenye bamba, umeshikwa na mikanda miwili yenye bizimu za kubana. Ukichomoka chini ya maji, waweza kuvuta mpira wa kupumulia ukamtoka mtu mdomoni.

Kwanza akalowesha mkanda. Baba akashangaa, maana kamba ya katani aliyoizoea ikilowa hukaza.

"Huu ni nailoni, baba. Ukilowa unalegea. Ukiufunga mkavu, utalegea ukiwa baharini."

Akaupitisha kwenye matundu ya bizimu, akauvuta, akaikunja bizimu mpaka ikalala. Kisha akanyanyua ubao na kuutikisa. Dumu lilisogea kidogo, akafungua na kuanza upya.

"Halafu?" baba akauliza.

"Halafu mwenzangu anakuja kukagua wangu, nami nakagua wake. Hata mwalimu wetu anakaguliwa kabla ya kuingia majini. Hakuna anayenuna."

"Mbona mimi nikikuuliza unanuna?"

Kijana alinyamaza kwanza. "Nisamehe, baba. Unaniuliza kama mtu ambaye ameshakosea."

Mzee hakujibu. Lakini tangu kijana arudi Mafia, swali la jioni limebadilika: "Nani amekukagua leo?" Simu iliyokuwa ya nusu dakika sasa inamaliza salio. Mzee anawajua wenzake kwa majina, anajua yupi ana haraka na yupi ana jicho kali.

Mzazi mwenye kijana kazini mbali hawezi kukaza mkanda kwa simu. Anachoweza kujua ni kama yupo mtu karibu wa kumtazama mwanawe, na kama mwanawe anakubali kutazamwa.

Juzi kijana alipiga yeye mwenyewe. Mwenzake alikuta mkanda mmoja haukupita kwenye tundu la mwisho la bizimu. Wakaufunga upya kabla mgeni hajavaa.

"Nimeona nikwambie, baba," alisema.

Zamani asingelisema.